Siti Iliyoshushwa Vidole Vinne

Kama umepewa vidonge vya miezi minane na sasa umelala unahesabu mabati ya paa, nakuandikia wewe. Ugonjwa wenyewe sitakueleza. Watu wa hospitali watakueleza wakipata nafasi. Ninataka kukuambia jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu, kwamba siku utakaporudi nyumbani utakuta kila kitu kimesogezwa kidogo, nawe utamshuku kila mtu kwamba ndiye aliyekisogeza. Mimi niliwashuku wote. Nilivishuku hata vidonge.

Nilikuwa mtunza stoo wa duka la ushirika huku Maore. Kazi ya stoo inamfundisha mtu kuamini macho yake kuliko salamu za watu. Gunia lililofunguliwa na kushonwa upya nililitambua kwa kutazama uzi tu. Kisha ikaja ile miaka ambayo biashara iliachiwa watu binafsi. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni, mara magulio yakajaa mitumba na sabuni za kila rangi, na duka letu likafungwa. Mimi nikabaki na baiskeli, nyeusi, ya Kichina, yenye fremu nzito. Asubuhi nilikwenda nayo Kihurio, jioni nikarudi na gunia la mpunga kwenye keria, na kwa baiskeli hiyo tulikula.

Kikohozi kilianza wakati wa kiangazi, nikasema ni vumbi la barabarani. Vuli ilipoingia vumbi likaisha na kikohozi kikabaki. Shati likaanza kunipwaya, mkanda nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Siku moja nikiwa njiani nilishuka kwenye baiskeli mahali pa tambarare kabisa, kwa sababu miguu ilikataa, nikatema, na mate yalikuwa na damu. Niliyafunika kwa mchanga haraka, kana kwamba kuna mtu nyuma yangu anachungulia.

Na kweli watu walikuwa wanachungulia. Miaka ile mtu akikonda alikuwa na jina moja tu kijijini, mgonjwa wa ukimwi. Nilipopita kwenye kibanda cha chai maongezi yalikatika, na nilipogeuza kisogo yakaanza tena. "Amekanyaga waya huyo," nilimsikia mmoja. Mke wangu Namsifu alisikia pia. Hakunitazama usoni siku hiyo, wala mimi sikumuuliza anawaza nini.

Mjini Same nilipigwa picha ya kifua, kisha nikapelekwa hospitali ya misheni huko juu mlimani. Kabla ya kuondoka niliiingiza baiskeli chumba cha nje na kufanya mambo mawili. Nilipima siti: kutoka kwenye fremu hadi siti ni ngumi moja na vidole vinne. Halafu nikafunga uzi mweupe kutoka spoku moja ya gurudumu la mbele hadi kwenye foko, ili gurudumu likizunguka uzi ukatike. Namsifu alisimama mlangoni akinitazama.

"Baba Neema, unaifungia nini?" aliuliza.

"Isiguswe na mtu."

"Na mtu gani?"

"Yeyote," nilimjibu. Neema ni binti yetu, siku hizo alikuwa darasa la nne. Mtu niliyekuwa namfikiria ni mdogo wangu Elifasi, ambaye uwanja wake umepakana na wangu na ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiisifia ile baiskeli.

Hospitalini kuna benchi. Wewe unayesoma huenda sasa hivi umekaa kwenye benchi la namna hiyo. Letu lilikuwa refu, limelainishwa na makalio ya watu, na kila mmoja alishika kikopo chake cha makohozi kwa kukificha chini ya shati au khanga, ingawa sote tulijua wenzetu wameshika nini. Sindano zilikuwa sitini, moja kila asubuhi, tako la kulia leo, la kushoto kesho. Kufikia ya ishirini nilikuwa nakaa upande. Kufikia ya thelathini masikio yalianza kulia, mlio mwembamba usiokoma. Nilipoteremka ngazi za wodi nilishika ukuta.

Siku ya tatu ya vidonge mkojo wangu ulitoka mwekundu. Hakuna aliyenitahadharisha. Nilirudi kitandani nikiwa na hakika kwamba nimewekewa kitu, na mchana ule vidonge nilivificha chini ya ulimi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee wa Kigoma aliyezeeka akikata mkonge katika mashamba ya bondeni, aliniona.

"Bwana mdogo, meza," alisema.

"Mzee, shikamoo. Hizi dawa zinanitoa damu."

"Marahaba. Na wangu mwekundu, na wa yule pale mwekundu. Ukiacha kuwa mwekundu ndipo uwashtaki kwamba wamekuibia dawa." Akacheka mpaka akakohoa. Nikameza. Huyo mzee alitoka kabla yangu, amenenepa, akanipa mkono dirishani, na mpaka leo namshukuru.

Kila Jumapili Namsifu alikuja na makande kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Mara ya kwanza nilikula bila kufikiri. Mara ya pili nikagundua kwamba makande bado ni ya moto. Kutoka nyumbani hadi hospitalini ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, na nusu yake ni mlima.

"Umekuja na nini?"

"Nimepata lori."

"Lori la nani?"

"La watu tu."

Jumapili malori hayapandi huko. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikayala yale makande hadi ya mwisho, na kila punje nikaiuliza huyo dereva ni nani.

Sindano ya sitini nilichomwa masika ikielekea ukingoni. Nikapewa vidonge vya kwenda kunywea nyumbani kwa miezi sita mingine, nikateremka kwa gari la misheni. Nilipofika, Neema alinikimbilia akasimama hatua tatu mbele yangu, hajui kama anaruhusiwa kunishika. Nilimwita. Alikuja, akaweka kichwa tumboni mwangu, nami nikalia mbele ya watu bila haya.

Jioni hiyo nililetewa chai kwenye kikombe kilichofungwa uzi wa buluu kwenye mkono wa kushikia. Vikombe vingine havikuwa na uzi. Kitanda changu kilikuwa kimehamishiwa chumba cha nje. Niliinuka nikaenda kuitazama baiskeli, maana ilikuwa humo humo chumbani, imeegemezwa ukuta ule ule.

Uzi wangu mweupe haukuwepo. Siti ilikuwa imeshuka, ngumi moja tu, vidole vinne vimepotea. Chini ya madigadi udongo mwekundu ulikuwa umegandia, wa mlimani, wakati huku kwetu bondeni udongo ni wa kijivu. Mpira wa kufungia mzigo kwenye keria ulikuwa na fundo nisilolijua.

Elifasi ni mfupi. Hata kanisani hutafuta kiti cha mbele. Nikakaa kitandani nikaunganisha: siti imeshushwa, baiskeli imepanda mlima, mke wangu amepanda mlima, chakula ni cha moto, na kitanda changu kimetolewa nje. Nililala na hesabu hiyo kifuani, na iliniuma kuliko kikohozi.

Juma lile baragumu lilipigwa. Mafuriko ya masika yalikuwa yameujaza mchanga mfereji wa maji ya mashamba, kukaitishwa msaragambo wa kuuzibua. Kwetu msaragambo haukwepwi. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, na kabla ya kuanza, msimamizi wa mfereji anasoma majina ya nyumba. Nyumba inaitwa kwa jina la mwenye nyumba, hata kama aliyekuja ni mwanawe. Yakija majina ya wanawake kila mtu anajua maana yake, hao ni wajane. Mimi sikuwa na nguvu ya kushika jembe, nikajikokota hadi kwenye mwinuko, nikakaa juu ya jiwe nikisubiri kusikia jina langu. Nilitaka kulisikia tu. Mtu aliyelala miezi miwili miongoni mwa wanaokufa anapenda kusikia anaitwa.

Msimamizi alisoma upande wetu. Alimwita jirani wa juu, akaitikia. Kisha akasema, "Namsifu!"

"Nipo!" mke wangu akaitikia, jembe begani.

Kisha akaitwa Elifasi, naye akaitikia.

Sikujua niweke wapi uso. Watu kadhaa walinitazama pale kwenye jiwe, wakatazama chini. Nilikuwa nimeandikwa marehemu, na mke wangu alikuwa ameitikia bila hata kukwama ulimi. Nilirudi nyumbani polepole, nikisimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Niliapa kwamba nitaipanda baiskeli ile mbele ya macho yao wote, nipite katikati ya kijiji nikipiga kengele, waone maiti inavyokanyaga pedeli.

Kesho yake nilijaribu. Nilingoja Namsifu aende shamba, nikaitoa nje, nikavusha mguu. Mizunguko miwili ya pedeli nikaanguka kushoto. Nikainuka nikaanguka tena kushoto. Barabara ilikuwa sawa, upepo haukuwepo, lakini dunia ilikuwa imeinama upande. Kumbe foko imepindishwa, nikasema. Ameiangusha huko mlimani akaipinda.

Nikaikokota hadi kwa fundi Kiondo, mtu mzima anayetengeneza baiskeli chini ya banda la bati.

"Shikamoo fundi. Foko imepinda hii. Aliyeipinda atailipa."

"Marahaba." Akaigeuza kichwa chini, akazungusha gurudumu la mbele, akaliwekea bisibisi karibu na rimu. Gurudumu likazunguka bila kugusa. Akalizungusha la nyuma. Akanitazama. "Yohana, hii ina nafuu kuliko ulivyoiacha. Cheni imetiwa mafuta, breki zimekazwa. Mtu anaitunza."

"Nani?"

Fundi akafuta mikono. "Mimi ni fundi wa baiskeli. Baiskeli haina kosa. Simama kwa mguu mmoja."

"Kwa nini?"

"Simama tu."

Nilisimama kwa mguu mmoja na kabla sijahesabu tatu nikamwangukia. Akanishika. Mwili wangu ulikuwa mwepesi hata yeye akashtuka, nilimwona.

"Wewe ndiye uliyepinda," alisema kwa sauti ya chini. "Mjomba wangu alichomwa hizo sindano, masikio yakamlia, akawa anayumba bila pombe. Ilimchukua muda. Na hiyo siti usiipandishe. Iache chini hivyo hivyo, miguu ifike ardhini."

Hapo nilipaswa kuona aibu nikaacha. Sikuacha. Nilimshuku na fundi pia, kwamba amehongwa anyamaze. Nikaenda moja kwa moja kwa Elifasi. Alikuwa anapukuchua mahindi uwanjani kwake, akainuka aliponiona.

"Shikamoo, kaka. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nilipokuwa nachomwa sindano ulikuwa unampakia mke wangu kwenye baiskeli yangu, kwenda wapi?"

Nilidhani atanipiga, na angenipiga ningekufa kweli. Badala yake aliketi, akashika hindi lake akaendelea kupukuchua.

"Kaka, tangu umerudi, umeyaona magoti ya mkeo?"

"Magoti yake yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu. Nenda kayatazame."

Nilimkuta Namsifu amerudi, anachambua mboga kwenye kigoda, khanga imefika vifundoni. Nilimwambia anionyeshe magoti. Kwanza alidhani nimechanganyikiwa na dawa. Kisha akaona uso wangu, akaweka ungo chini, akainua khanga. Magoti yote mawili yalikuwa na makovu mapya, yale ya waridi ambayo bado hayajarudia rangi ya mwili. Kovu jingine refu lilikuwa kwenye muundi, mahali ambapo pedeli humpiga mtu anayejifunza. Ninalijua kovu hilo kwa sababu ninalo.

"Lori la watu," nilisema.

"Lori la watu lilikuwa hili," akajibu, akapiga muundi wake.

Alikuwa amejifunza katika barabara ya shamba la mkonge, alfajiri, kabla watu hawajaamka, kwa sababu huku kwetu mwanamke mwenye ndoa juu ya baiskeli angeimbiwa mpaka kanisani. Siku za katikati ya juma alikwenda Kihurio kufuata mpunga kama nilivyokuwa nafanya mimi. Jumapili alipanda mlima akiwa ameifunga sufuria kwenye keria. Palipo tambarare alikanyaga, penye mteremko mkali wa kurudi alishuka akaikokota, maana breki aliziogopa. Uzi wangu aliukata siku ya nne. Aliniambia alinuia kuufunga tena nikirudi, akasahau jinsi nilivyoufunga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema isiguswe na mtu. Ulikuwa unakufa, Baba Neema. Nisingebishana na wewe."

Nikauliza la jina.

"Ulipopelekwa walikuja hapa watu wa mfereji," alisema. "Walisema nyumba haiwezi kuitwa jina la mtu asiyetarajiwa kurudi, na faini itarundikana. Wakasema waandike Elifasi, ashike nyumba zote mbili. Nikawaambia, mkiandika Elifasi, mume wangu akipona atarudi kuwa mgeni wa mdogo wake. Niandikeni mimi. Wakasema wanaoandikwa hivyo ni wajane. Nikawaambia basi niiteni mjane, si neno tu? Mwenyewe najua nimemwacha wapi, nimemwacha kitandani anakula makande."

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikimsikia akinizika, kumbe alikuwa anakalia nafasi yangu isichukuliwe. Nilimwomba radhi kwa maneno yasiyopangika, yaliyokatika katika. Alisema uzi wa buluu kwenye kikombe aliambiwa na nesi auweke, na kitanda vilevile, mpaka mwezi ule uishe. Akachukua ungo wake.

"Na Elifasi aliutaka uwanja wetu au hakuutaka?" nikauliza.

"Hilo kamuulize mwenyewe," alisema. Sijamuuliza. Nilikwenda nikamtaka radhi, tukala pamoja mahindi ya kuchoma, lakini stoo haijanitoka mwilini na swali hilo bado ninalo. Nakwambia ukweli kwa sababu usidhani ukipona mapafu na tabia zinapona.

Basi Namsifu akanifundisha upya. Kiangazi kizima, katika barabara ile ile ya mkonge, alfajiri ile ile, alishika keria nyuma akakimbia, khanga ameikunja kiunoni. "Tazama mbali! Usitazame gurudumu!" Nilianguka kushoto siku nyingi. Vibarua wa mkonge walisimama wakatushangilia, wengine wakatuzomea, na sikujali. Mwezi wa nne wa vidonge niliacha kushika ukuta. Mwezi wa tano nilisikia nyayo zake zimenyamaza nyuma yangu, nikageuka, nikamwona mbali barabarani amejishika kiuno anahema, nami nilikuwa bado juu ya siti. Mlio wa masikio haukuisha. Unalia hata sasa ninapoandika, nimeuzoea.

Vidonge vya mwisho nilimeza vuli ikiwa imechachamaa. Juma hilo hilo mfereji uliziba matope na baragumu likapigwa. Nilifunga jembe kwenye keria, nikapanda. Namsifu alikaa mbele kwenye bomba la fremu, jambo ambalo kwa watu wa kwetu lilikuwa kituko kingine, na tulipita katikati ya kijiji nikipiga kengele kama nilivyoapa. Magoti yangu yalikuwa karibu yagonge usukani kwa sababu siti ilikuwa bado chini. Kwenye kibanda cha chai maongezi yalikatika. Safari hii sikugeuka kusikiliza kama yataanza tena.

Msimamizi wa mfereji aliniona nikishuka na jembe. Akafungua daftari lake, akatafuta kalamu nyuma ya sikio, akailamba ncha.

"Yohana, karibu tena. Ngoja nikurekebishie jina lako."

"Liache," nilimwambia. "Soma kama lilivyo."

Alimtazama Namsifu, akanitazama mimi, akarudisha kalamu sikioni. Akaanza kusoma upande wetu, nyumba baada ya nyumba. Alimwita jirani wa juu, akaitikia. Akakohoa kidogo.

"Namsifu!"

"Nipo!" nikaitikia.